Programu za DOS zinachosha prosesa bila kazi, na dawa yake ipo

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nizungumze na mafundi wa kompyuta na wakuu wa ofisi. Zipo ofisi ambazo hadi leo zinategemea programu za DOS, mfumo endeshi wa kabla ya Windows: daftari la mauzo lililoandikwa kwa Clipper, katalogi ya maktaba ndani ya CDS/ISIS iliyogawiwa na UNESCO, au kumbukumbu za wagonjwa zilizoingizwa kwa Epi Info 6. Programu hizo bado zinafanya kazi iliyokusudiwa. Malalamiko ni kwamba zikifunguliwa tu, hata kabla mtu hajagusa kibodi, feni inavuma, kompyuta mpakato inachemka na betri inakwisha upesi. Fundi anaitwa, anapuliza vumbi, anabadilisha pasta ya joto, anasaka virusi, analipwa na kuondoka. Feni inaendelea kuvuma kwa sababu ugonjwa haukuwa huko.

Uchunguzi wake ni wa dakika moja. Kwenye Windows ya biti 32 fungua Task Manager, iache programu ya DOS kwenye menyu yake bila kubonyeza chochote, kisha tazama mstari wa ntvdm.exe (NTVDM), sehemu ya Windows inayoendesha programu za DOS. Kwenye mashine yenye nyuzi nne za prosesa, yaani njia za kazi zinazokwenda sambamba, utakuta inakula karibu asilimia 25. Yenye mbili, karibu 50. Maana yake ni moja: uzi mmoja mzima unakimbia mbio zote wakati programu haina kazi yoyote. Kwenye Linux amri ya top itaonyesha hivyo hivyo kwa dosemu, programu inayoendesha DOS ndani ya Linux, au kwa mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigwa ndani ya kompyuta halisi.

Chanzo ni namna programu inavyosubiri. DOS ilijengwa kwa kuendesha programu moja kwa wakati mmoja, na mwandishi wa programu alijua kwamba prosesa yote ni yake. Alipotaka kungoja mtumiaji abonyeze kitufe aliandika mzunguko mfupi: iulize BIOS (programu ya msingi iliyomo kwenye bodi ya mashine) kwa mwito wa INT 16h, AH=01h, kama kuna kitufe; kama hakuna, uliza tena. Prosesa ya kisasa itauliza swali hilo mara nyingi mno kwa sekunde. Wengine waliiuliza DOS kwa INT 21h, AH=0Bh au 06h, na wengine waliokuwa na haraka zaidi waliruka BIOS wakasoma moja kwa moja anwani 0040:001Ah na 0040:001Ch, yaani kichwa na mkia wa bafa ya kibodi, foleni ya vitufe vilivyobonyezwa. Tofauti hizi zina uzito, kwa sababu ndizo zinazoamua dawa ipi itafanya kazi.

Njia ya kusubiri bila kuchoka imo ndani ya prosesa tangu 8086 ya mwaka 1978. Ni amri ya HLT, baiti moja tu, F4h. Prosesa ikiipata inasimama hadi lifike katizo, yaani ishara kutoka kwenye kifaa kama kibodi, kipanya au saa ya mfumo. Aliye ndani ya nyumba ameacha kufungua mlango kila nukta kuona kama kuna mgeni. Anakaa hadi asikie hodi. Saa ya mfumo hupiga mara 18.2 kwa sekunde, kwa hiyo hata kama hakuna anayegusa kitu, prosesa itaamka kila baada ya milisekunde 55, itakagua hali, na kulala tena. Saa inayoonyeshwa kwenye kona ya skrini haitachelewa. Kwenye 8086 yenyewe HLT haikuokoa umeme wa maana. Faida ilikuja na prosesa za baadaye, zilipoanza kuzima sehemu zake zinapopata amri hiyo. Ndiyo maana waandishi wengi wa miaka ya 1980 hawakuijali, na hatuna haki ya kuwalaumu.

Nianze na ofisi ambazo hazina msimbo asilia wa programu, yaani maandishi ya mwandishi wake, maana ndizo nyingi.

Kama mashine inaendesha MS-DOS 6 yenyewe, weka mstari huu ndani ya CONFIG.SYS kisha iwashe upya:

DEVICE=C:\DOS\POWER.EXE ADV:MAX

Ukiandika POWER kwenye kidokezo utapewa hali ilivyo, pamoja na asilimia ya muda ambao prosesa imepumzika. ADV:MAX ikifanya programu iwe nzito, shuka hadi ADV:REG, kisha ADV:MIN. Msaada wa MS-DOS 6 wenyewe ulitaja akiba ya hadi asilimia 25 kwa kompyuta zenye APM, utaratibu wa kudhibiti umeme, kwenye BIOS, na hadi asilimia 5 tu kwa zisizo nayo. Hesabu hizo ni za kompyuta mpakato za wakati ule; zichukue kama mwelekeo.

Kwa FreeDOS, DOS huria inayotolewa bure, kuna FDAPM, na inakubali pia kukaa juu ya MS-DOS. Mstari ni FDAPM APMDOS, ndani ya AUTOEXEC.BAT, au FDAUTO.BAT kwa matoleo mapya ya FreeDOS. Kiini cha FreeDOS nacho kina mpangilio wake, IDLEHALT=1, unaoandikwa katika FDCONFIG.SYS, huo unalaza prosesa wakati kiini chenyewe kinasubiri, lakini haugusi programu inayozunguka bila kupitia DOS. Chaguo la tatu ni DOSidle 2.10, programu ndogo inayokaa kwenye kumbukumbu na kudaka makatizo ya kusubiri. Chagua moja kati ya POWER, FDAPM na DOSidle. Ukipakia mbili kwa pamoja zinadaka makatizo yale yale, na dalili yake ni kibodi kuwa nzito au mashine kuganda.

Zana hizi zote zinafanya kazi kwa kusikiliza dalili za usubirifu. DOS ikiwa inasubiri herufi kwa INT 21h, kazi ya 01h, 08h au 0Ah, huita INT 28h tena na tena. Hapo ndipo prosesa inapolazwa. BIOS za aina ya AT zikiombwa kitufe kwa INT 16h, AH=00h, huita kwanza INT 15h kwa AX=9002h kutangaza kwamba zinasubiri kibodi; hapo pia. Na programu ikiuliza AH=01h mara nyingi mfululizo bila kufanya kingine, zana inakisia kwamba haina kazi. Sasa rudi kwa yule aliyesoma 0040:001Ah moja kwa moja. Haiti katizo lolote, kwa hiyo hakuna cha kudaka. POWER wala FDAPM haitamsaidia, na ukiona zana imepakiwa sawasawa lakini mzigo haushuki hata kidogo, sababu kubwa ya kushukiwa ni hiyo.

Kwa walioihamishia DOS kwenye mashine pepe, VirtualBox au QEMU, dawa ni hizo hizo na matokeo huonekana waziwazi. MS-DOS 6.22 ndani ya mashine pepe hula uzi mzima wa prosesa ya mwenyeji hata ikikaa kwenye kidokezo cha C:\> tu, kwa sababu haitoi HLT. HLT ikitolewa ndani, mashine pepe inalaza uzi wake nje, na mzigo unaanguka papo hapo. Kwa sababu hii ningeshauri anayeanzisha mashine pepe mpya atumie FreeDOS pamoja na FDAPM tangu mwanzo, isipokuwa pale programu yake inapodai MS-DOS halisi.

Kwenye Windows XP hadi Windows 10 ya biti 32, HLT haihitajiki. NTVDM ina kipimo chake. Bofya kitufe cha kulia juu ya faili la programu, chagua Properties, kisha ukurasa wa Misc, na utaona kitelezi cha «Idle sensitivity». Kukisogeza kuelekea High kunaifanya Windows iamini mapema zaidi kwamba programu inasubiri, na hivyo kuinyima muda wa prosesa. Mpangilio huu unahifadhiwa kwenye faili la PIF kando ya programu, kwa hiyo anayezindua programu kupitia njia nyingine ya mkato anaweza kuukosa. Baadhi ya programu zinaipotosha NTVDM kwa sababu katika kila mzunguko zinasoma saa kwa INT 21h, AH=2Ch, ili kuichora kwenye skrini; kwa macho ya Windows hiyo ni kazi. Windows ya biti 64 haina NTVDM kabisa, kwa hiyo huko utalazimika kutumia mashine pepe au kiigaji.

Wa dosemu wana mstari mmoja katika faili la mipangilio: $_hogthreshold = (1). Moja ndiyo hali ya kuihurumia Linux zaidi. Namba ikipanda, DOS inapewa nguvu zaidi. Sifuri inaiachia prosesa yote.

Kiigaji cha DOSBox ni habari nyingine, kwa kuwa inaiga prosesa yenyewe amri kwa amri. Cycles ni idadi ya amri zinazoigwa kwa milisekunde; mpangilio wa cycles=max ni agizo la kutumia kila kilichopo, na watu wanaoiweka kwa programu ya hesabu wanajitafutia joto bure. Katika sehemu ya [cpu] andika cycles=fixed 3000 na ujaribu. Programu ya maandishi matupu, ya fomu na ripoti, mara nyingi inaridhika na 3000 hadi 10000. Ctrl na F11 inashusha, Ctrl na F12 inapandisha, wakati programu inaendelea, na kichwa cha dirisha kinaonyesha thamani iliyopo. Nishauri pia kwamba DOSBox ya kawaida ilitengenezwa kwa ajili ya michezo. Ofisi yenye kuchapa risiti, au yenye watumiaji wawili kwenye faili moja la data, isiitegemee kwa kazi hiyo bila majaribio ya kina. DOSBox-X au mashine pepe yenye FreeDOS inafaa zaidi.

Yapo mambo mawili yanayofanywa sana na ambayo hayasaidii. La kwanza ni kushusha kipaumbele cha ntvdm.exe hadi Low. Kipaumbele kinaamua nani atangulie wakati wawili wanagombania prosesa. Kama hakuna mgombea mwingine, programu yenye kipaumbele cha chini itaendelea kukimbia mbio zote na joto litabaki lile lile. La pili ni mwandishi wa Turbo Pascal kuongeza Delay(50) ndani ya mzunguko akidhani ameipumzisha prosesa. Delay ya yuniti ya Crt ni mzunguko mtupu uliopimwa kwa kasi ya prosesa mwanzoni mwa programu. Inachosha vile vile. Na kipimo hicho hicho ndicho kinacholeta kosa la 200, kugawa kwa sifuri, programu zilizotengenezwa kwa Crt ya zamani zinapokutana na prosesa za kasi kuanzia enzi za Pentium II.

Sasa kwa walio na msimbo. Hapa kazi ni ndogo na matokeo ni bora kuliko zana yoyote ya nje, kwa kuwa mwandishi peke yake ndiye anayejua kwa hakika programu inasubiri wapi. Kwa Turbo Pascal 6 au 7:

procedure Pumzika; assembler;
asm
  mov ax,1680h
  int 2Fh
  or al,al
  jz @mwisho
  sti
  hlt
@mwisho:
end;

Halafu pale palipokuwa na repeat until KeyPressed, weka while not KeyPressed do Pumzika. INT 2Fh yenye AX=1680h ni ombi la kuachia zamu ya prosesa; Windows tangu 3.x katika hali ya 386, OS/2 2.0 na NTVDM zinaijua. Likieleweka, AL inarudi sifuri na hakuna haja ya zaidi. Isipoeleweka AL inabaki 80h, maana yake tuko kwenye DOS tupu, na hapo tunalala kwa HLT. Mpangilio huo wa kuuliza kwanza ndio unaofanya programu moja ifae kila mahali. Wanaotumia Turbo Vision, maktaba ya Borland ya menyu na madirisha, wasiguse mizunguko yao: waandike upya njia ya Idle katika kizazi cha TApplication, waite TApplication.Idle kwanza, kisha Pumzika.

STI kabla ya HLT si pambo. HLT ikitekelezwa makatizo yakiwa yamefungwa, prosesa inalala na hakuna wa kuiamsha. Mashine imekufa hadi uizime. Prosesa inaahirisha makatizo kwa amri moja baada ya STI kuyafungua, kwa hiyo jozi ya STI na HLT haiwezi kupenyezwa katikati. Anayetaka ukamilifu afunge makatizo kwa CLI, akague bafa ya kibodi, na kama ni tupu atoe STI na HLT. Asipofanya hivyo, kitufe kinaweza kuingia kati ya ukaguzi na usingizi, na hasara ni kucheleweshwa kwa milisekunde 55 kwa wingi wake. Kwa fomu ya kuingiza data hakuna atakayehisi.

Hatari ya kweli iko kwenye hali linzi (protected mode), ambamo prosesa huizuia programu kutoa amri fulani. Programu ya Borland Pascal 7 iliyotengenezwa kwa DPMI (kanuni ya kuendesha programu za DOS katika hali linzi), au ya DJGPP (mkusanyaji wa C wa DOS), kwa kawaida haina ruhusa ya kutoa HLT. Prosesa itaikatalia kwa kosa la ulinzi, ambalo kwa Borland ni kosa la 216. Huko tumia 1680h peke yake. DJGPP imekwisha kuiandaa kwa jina la __dpmi_yield. Programu ya kawaida inayoendeshwa chini ya EMM386, msimamizi wa kumbukumbu wa DOS, haina shida hiyo, kwa sababu EMM386 inaidaka HLT na kuitekeleza kwa niaba yake. Watumiaji wa QuickBASIC 4.5 wanaweza kuita 1680h kwa CALL INTERRUPT, mradi wafungue kwa QB /L ili QB.QLB ipakiwe, QBasic iliyokuja na DOS haina uwezo huo.

Clipper inastahili maneno yake kwa sababu programu nyingi za biashara zilizobaki ni zake. Kwa wanaobaki na Clipper 5, maktaba ya OSLIB inaunganishwa wakati wa kulinki, na mwito mmoja wa OL_AutoYield(.T.) mwanzoni mwa programu unatosha kwa sehemu nyingi. Lakini mwenye faili zote za PRG, yaani msimbo asilia, ningemshauri ajaribu Harbour, mkusanyaji huria anayeelewa msimbo wa Clipper na kusoma faili zile zile za data (DBF) na za faharasa (NTX). Amri ni hbmk2 mauzo.prg, na unapata programu ya Windows au ya Linux isiyohitaji DOS. Kitakachobaki ni kusaka mizunguko ya aina ya DO WHILE INKEY() == 0. INKEY isiyo na thamani hurudi mara moja bila kungoja, kwa hiyo mzunguko huo utachosha prosesa hata ndani ya Harbour. Ibadilishe iwe INKEY(0) kama unangoja kitufe tu, au INKEY(0.1) kama kuna saa ya kuchora kati ya vitufe. Pasipohusu kibodi, weka hb_idleSleep(0.05).

Mahali programu nyingi zinapoharibiwa na dawa hii ni kwenye ripoti. Mwandishi mwangalifu aliweka ukaguzi wa Esc ndani ya kazi ndefu ili mtumiaji aweze kuisitisha. Ukaguzi huo ukigeuzwa kuwa usingizi, kila rekodi itagharimu mpigo mmoja wa saa. Rekodi 10,000 kwa milisekunde 55 ni sekunde 550, zaidi ya dakika tisa, kwa kazi iliyokuwa ya sekunde chache. Mteja atasema kompyuta imezeeka. Pumzika isiitwe kamwe ndani ya kazi. Na kama tatizo linatokana na zana ya nje kama POWER au kitelezi cha NTVDM kilichosukumwa mwisho, kishushe hatua kwa hatua huku ukipima ripoti ndefu kuliko zote ulizonazo.

Jingine ni bandari ya siria, pale programu inapopokea data kutoka kwenye mizani, kisoma-baa au kifaa cha maabara. Kwa kasi ya 9600, herufi moja hufika kila baada ya milisekunde 1.04. Programu inayosoma bandari kwa kuiuliza mara kwa mara, bila kutumia katizo lake, ikilala milisekunde 55 zitakuwa zimepita herufi zaidi ya 50. Chipu ya 8250 inashika moja. 16550 yenye foleni iliyowashwa inashika 16. Zilizobaki zimepotea, na hakuna ujumbe wowote utakaotoka. Programu ya namna hiyo iandikwe upya itumie katizo la IRQ4 au IRQ3, au iachwe izunguke ilivyo. Matokeo ya vipimo vya mgonjwa hayabadilishwi kwa utulivu wa feni.

Kwa ofisi, zahanati na maktaba zinazotumia umeme wa jua, hesabu ifanywe kwa mita ya wati inayochomekwa kwenye soketi, kabla na baada, programu ikiwa kwenye menyu ile ile. Tuseme mita imeonyesha tofauti ya wati 15. Kwa saa nane hizo ni wati-saa 120. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100, ikitumiwa nusu tu ili idumu, inatoa takriban wati-saa 600. Kwa hiyo moja ya tano ya betri ilikuwa inakwenda kuuliza kama kuna kitufe. Kompyuta mpakato ipimwe betri yake ikiwa imeshajaa, vinginevyo mita itasoma umeme wa kuchaji.

Fundi atakayefanya kazi hii anakili kwanza CONFIG.SYS, AUTOEXEC.BAT na faili la PIF kwenye flashi, abadilishe kitu kimoja kwa wakati, na baada ya kila badiliko ajaribu mambo manne: kuandika haraka kwenye fomu, kuchapa ukurasa, kutoa ripoti ndefu, na kupokea data ya siria kama ipo. Matokeo yaandikwe kwenye karatasi na kubandikwa ndani ya kifuniko cha mashine, pamoja na mstari ulioongezwa na thamani ya zamani, ili fundi atakayefuata asiufute akidhani ni takataka.

Fundi wa mifumo ya kompyuta,
Morogoro